Mwanachama Ajisomee Hesabu za Chama Chake

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Mkoa wa Tanga. Yamechapwa hapa ili yawafikie pia wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ni nadra kukuta mkutano wa ushirika unaokwisha pasipo mtu kuutaja msemo huu, na ni haki yake kutajwa. Lakini leo naomba tuuangalie upande wake wa pili. Je, mali yenye daftari ambalo halisomwi na mtu, yenyewe haipotei? Kazi ya ukaguzi imenionyesha kwamba hupotea vilevile. Tofauti ni kwamba habari za kupotea kwake zimo kabatini, zimeandikwa siku baada ya siku kwa mwandiko mzuri, zikingoja mkaguzi aje azifungue mwisho wa mwaka.

Neno langu kwenu ni moja. Hesabu za chama zisomwe chamani, kila mwezi, na watu wa chama wenyewe. Na mwanachama mwenye swali juu ya mali yake apate jibu pale pale, wala asiambiwe angoje mkaguzi. Zamani neno hili lilikuwa zito kutekelezwa, kwa kuwa kuzijumlisha stakabadhi za mwezi mmoja kulihitaji karani wa wiki nzima. Siku hizi vyombo vya kufanyia kazi hiyo vipo, na vingine vimekwisha fika mezani kwetu. Lililobaki ni kujifunza kuvitumia, na kuvitumia kwa uaminifu.

TULIKOTOKA

Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu, KNCU. Tangu siku hizo kutunza vitabu kumekuwa wajibu wa kila chama. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilipofunguliwa mwaka 1963, uandishi wa hesabu ulikuwa katika masomo yake ya msingi, na chuo hicho, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kinaendelea kuwafundisha wahasibu na maofisa wetu. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha, na mwaka huohuo likaundwa shirika la ukaguzi, COASCO. Sheria tunayoifuata sasa ni Namba 6 ya mwaka 2013, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Katika miaka yote hiyo hesabu za chama zilikwenda juu: kutoka kwa karani kwenda kwa katibu, kutoka kwa katibu kwenda kwa halmashauri, kutoka halmashauri kwenda kwa mkaguzi na Mrajis. Kurudi chini kwa mwanachama kulitokea mara moja kwa mwaka, katika Mkutano Mkuu, pale mapato na matumizi yaliposomwa kwa haraka huku watu wakitazama saa. Mwanachama alisikia jumla tu. Hakuweza kuuliza jumla ile imetokana na nini, na hata alipouliza, aliyekuwa na majibu alikuwa na vitabu vyake ofisini, si mkutanoni.

Leo nasi tunao mfumo wa MUVU, ambao Tume inautumia kusajili vyama na kupokea taarifa zao. Ni hatua kubwa. Lakini taarifa inayopelekwa serikalini ni jawabu kwa maswali ya serikali. Maswali ya chama chenyewe ni mengine, na hakuna atakayetuulizia. Mfugaji wa Muheza ataka kujua kwa nini malipo yake yamepungua ilhali ng'ombe wake hawakupungua. Mkulima mdogo wa mkonge wa Korogwe ataka kujua singa zake zimeingia daraja gani na kwa uzito gani. Mkulima wa korosho wa Mkinga ataka kujua makato yaliyofanywa katika kila kilo. Hayo ni maswali ya chama, na yajibiwe na chama.

CHOMBO CHENYEWE

Chombo ninachokisema si kigeni kwa wengi wenu. Ni lahajedwali, yaani karatasi ya hesabu iliyomo ndani ya kompyuta, yenye safu na mistari kama daftari letu la mapokezi. Asili yake ni ubao wa shule. Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa biashara huko Harvard, Marekani, alimwona mwalimu wake akifuta na kuandika upya jedwali zima ubaoni kila namba moja ilipobadilika. Akawaza, kwa nini namba nyingine zisijirekebishe zenyewe? Yeye na mwenziwe Bob Frankston wakatoa programu iitwayo VisiCalc mwaka 1979. Mwaka 1985 ikatoka Excel ya kampuni ya Microsoft, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi katika ofisi zetu.

Makatibu wengi huitumia Excel kama taipureta: huandika orodha, hujumlisha, huchapa, basi. Huko ni kumtumia punda kubeba kibaba kimoja. Kuna programu nyongeza zilizotengenezwa ili mtu asiye fundi wa kompyuta aweze kuzihoji hesabu zake mwenyewe. Mbili nitazitaja, kwa kuwa hazina gharama ya ziada kwa mwenye Excel ya kompyuta iliyo halali na yenye sehemu hizo.

Ya kwanza ni Power Query. Zamani ilipachikwa pembeni ya Excel 2010 na 2013; tangu Excel 2016 imo ndani yake. Kazi yake ni kukusanya. Ikiwa kila kituo cha mapokezi kina jalada lake la kila mwezi, programu hii huyasoma majalada yote yaliyowekwa mahali pamoja, huyaunganisha kuwa orodha moja, na kuyasafisha kwa hatua ulizoionyesha mara moja. Mwezi ujao huandiki tena. Waweka jalada jipya, wabonyeza kitufe, hatua zilezile zinarudiwa. La maana zaidi kwa mkaguzi ni kwamba hatua zile zimeandikwa, na mtu mwingine aweza kuziona moja baada ya moja.

Ya pili ni PowerPivot, iliyokuja kama nyongeza ya Excel 2010. Kazi yake ni kuoanisha. Orodha ya wanachama, orodha ya mapokezi na orodha ya mikopo ya pembejeo huunganishwa kwa kitu kimoja kilichomo katika zote, yaani namba ya mwanachama. Baada ya hapo waweza kuuliza: wanachama wenye mkopo wamepeleka kiasi gani msimu huu? Kituo gani kimepokea pungufu ya mwezi uliopita? Jibu laja kwa jedwali la muhtasari, na ukitaka, kwa mchoro.

Chama kisicho na kompyuta kisikate tamaa. Lahajedwali ya kawaida, hata ile ya bure ya Google inayofunguliwa kwa simu, huweza kuzijumlisha na kuzipanga hesabu. Nguvu yake ni ndogo kuliko hizo mbili, lakini kwa chama cha wanachama mia moja au mia mbili yatosha kabisa kuanzia.

MFANO WA MAZIWA

Ndugu zangu, maneno matupu hayavunji mfupa. Na tuchukue mfano wa chama cha maziwa, kwa kuwa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ni jambo tulilozoea katika mkoa huu, ambako chama kikuu cha wafugaji, TDCU, kimekuwapo tangu miaka ya 1990. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya somo tu. Si wa chama chochote kilichopo. Bei nayo nimeiweka shilingi 1,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi.

Chama chetu cha mfano kina vituo vitatu. Kwa mwezi wa siku 30 wanachama wameleta vituoni lita 43,500. Zilizofika katika tangi la ubaridi ni lita 42,630. Upungufu ni lita 870, yaani 2 kwa kila 100. Halmashauri inaambiwa, na inakubali: "Ni maziwa ya kumwagika njiani." Shilingi 870,000 zimekwenda. Zikienda hivyo miezi 12, mkaguzi atakuja kuandika katika taarifa yake upungufu wa shilingi 10,440,000, na fedha hizo zimekwisha katwa katika malipo ya wafugaji wote, wachache wachache, pasipo mtu kuhisi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini pia haba na haba hukimaliza.

Sasa katibu akihoji jedwali lake. Swali la kwanza: upungufu huu umetoka kituo gani? Jedwali linajibu: kituo cha kwanza lita 90, cha pili lita 105, cha tatu lita 675. Tayari tumekwisha jua kwamba habari ya kumwagika njiani haitoshi, maana njia za vituo vyote ni mbaya sawasawa. Swali la pili: katika kituo cha tatu, ni maziwa ya asubuhi au ya jioni? Asubuhi lita 60. Jioni lita 615. Swali la tatu: ni kila jioni? Hapana. Lita 480 zimepotea katika jioni 12 tu, na lita 135 katika jioni 18 zilizobaki. Gawa 480 kwa 12, utapata 40. Na lita 40 ni ujazo wa kopo moja kubwa la maziwa.

Hapa ndipo penye mtego, nami naomba mnisikilize vizuri. Wengi tungesimama hapo tukasema: kopo moja kila jioni, basi karani wa kituo cha tatu ni mwizi, na afukuzwe. Takwimu hazikusema hivyo. Takwimu zimesema wapi pa kuuliza. Katibu mwenye busara atachukua zile tarehe 12, aziweke kando ya daftari la gari. Katika mfano wetu atakuta kwamba jioni zile 12 gari lilichelewa kufika kituoni, maziwa yaliyopokelewa kwanza yakachacha, na kopo moja likakataliwa kwenye kipimo. Kosa lililopo ni kwamba hati ya kukataliwa haikuandikwa. Dawa yake ni kupanga upya safari ya gari na kuchapisha kitabu cha hati za maziwa yaliyokataliwa. Karani hana hatia. Chama kingemfukuza, kingempoteza mtu mwaminifu, na mwezi uliofuata kopo lingechacha kama kawaida.

Katika mfano huu mambo mawili yanaokolewa kwa maswali matatu na dakika chache: fedha za wafugaji na heshima ya mtu. Yote mawili yangepotea kama tungengoja mwisho wa mwaka, kwa kuwa baada ya miezi 12 hakuna akumbukaye gari lilichelewa jioni gani.

KANUNI ZA JEDWALI

Maswali kama haya hujibiwa ikiwa jedwali limeandikwa kwa utaratibu. Chombo hiki hakisamehe uzembe. Nawapa kanuni sita, na yafaa kila katibu azibandike ukutani.

Kwanza, mstari mmoja uwe na tukio moja. Mwanachama akileta asubuhi na jioni, hiyo ni mistari miwili.

Pili, safu moja iwe na kitu cha namna moja. Katika safu ya lita iandikwe 12, si "lita 12" wala "12 hivi". Kompyuta ikiona maneno haijumlishi, na haitakwambia kwamba imeruka.

Tatu, mwanachama atambulikane kwa namba yake. Majina yetu ya pwani yanafanana. Mohamedi Ally aweza kuandikwa kwa namna nne na kompyuta ikamhesabu kuwa watu wanne. Namba haina ndugu.

Nne, sifuri na pengo ni vitu viwili. Sifuri maana yake ni kwamba mtu hakuleta kitu. Pengo maana yake ni kwamba hatukuandika. Anayejaza mapengo kwa sifuri anaficha uvivu wa kituo.

Tano, hesabu ya asili isiguswe. Orodha ya mapokezi ikae katika karatasi yake, na muhtasari ukae katika karatasi nyingine. Kosa likirekebishwa, liandikwe nani karekebisha, lini na kwa sababu gani, kama tulivyofundishwa kutofuta kwa mpira katika daftari la fedha.

Sita, jumla ya jedwali ilinganishwe kila mwezi na stakabadhi, daftari la fedha na taarifa ya benki. Jedwali lisilolingana na stakabadhi lirudi nyuma, kwa maana stakabadhi ya mwanachama ndiyo shahidi wa kwanza. Mizani ikiwa na ila, hakuna programu duniani itakayoinyoosha.

JALADA MOJA KWA WOTE

Nimefika katika sehemu ambayo vyama vingi hujikwaa. Katibu anayo kopi yake, mhasibu anayo yake, mwenyekiti ametumiwa nyingine katika simu, na katika mkutano kila mmoja anasoma jumla tofauti. Katika ziara zangu nimepata kukuta chama ambacho hesabu zake zote zilikuwa katika kompyuta ya mtu mmoja, chini ya neno la siri alilolijua yeye peke yake. Alipoacha kazi, wanachama walingoja malipo yao huku viongozi wakianza upya kukusanya stakabadhi za karatasi toka majumbani. Hapakuwa na wizi pale. Palikuwa na mali ya watu wengi iliyowekwa katika mfuko wa mmoja.

Dawa ya jambo hili ni mahali pa pamoja mtandaoni, ambapo jalada ni moja na kila ahusikaye hulifikia kwa ruhusa yake. Huduma za namna hii ni nyingi. SharePoint ya Microsoft na Google Drive ni miongoni mwake. Jina la huduma si hoja. Hoja ni mpango wa ruhusa. Makarani wa vituo waandike mapokezi ya kituo chao tu. Katibu na mhasibu waone yote. Halmashauri isome yote pasipo kubadili. Wanachama wasome muhtasari wa chama, na kila mmoja apewe taarifa yake binafsi akiihitaji. Aidha, huduma nzuri hutunza kumbukumbu ya kila badiliko, ili jalada la jana liweze kufunguliwa tena leo. Na neno la siri la msimamizi liandikwe, litiwe katika bahasha, lifungwe kwa lakiri na kuwekwa katika sanduku la fedha la chama.

Faida ya kuonyeshana hesabu haikuanza kwetu. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko juu ya madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi, na wanasiasa wa nchi kubwa wakalitumia kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, akijaribu kuirudia hesabu ile kwa ajili ya somo lake, aliona majibu hayalingani. Akaomba jalada lenyewe la Excel, akapewa. Miongoni mwa makosa aliyoyakuta ni kwamba hesabu ya wastani ilikuwa imeacha mistari ya nchi tano. Wakubwa wa dunia walikuwa wameisoma jumla; mwanafunzi ndiye aliyeisoma mistari. Kama jalada lingebaki kabatini, kosa lile lingeendelea kuitwa elimu.

Ndivyo ilivyo chamani. Mfugaji mmoja mwenye simu, anayelijua zizi lake na jirani zake, aweza kuona katika dakika moja jambo ambalo mkaguzi hataliona kwa wiki.

HATARI ZAKE

Si haki niwasifie chombo nisiwaonye. Hatari ya kwanza ni kukiamini kupita kiasi. Oktoba 2020 huko Uingereza iligundulika kwamba watu 15,841 waliothibitika kuwa na UVIKO-19 hawakuingizwa katika hesabu za kila siku, na kufuatiliwa kwa waliokutana nao kukachelewa. Sababu ilikuwa jalada la Excel la muundo wa zamani, lisiloweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Jalada lilijaa, yaliyozidi yakaachwa nje, na kompyuta haikupiga kelele. Muundo uliopo tangu Excel 2007 hubeba mistari 1,048,576, lakini somo ni lilelile: hesabu mistari iliyoingia, ilinganishe na stakabadhi zilizotolewa, ndipo uamini jumla.

Hatari ya pili ni siri za watu. Jina la mwanachama, simu yake, deni lake na akaunti yake si matangazo ya ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuhusu sisi kama inavyohusu mabenki. Uwazi wa chama maana yake ni kuonyesha mambo ya chama. Si kumwanika mwanachama mbele ya wadai wake. Muhtasari unaobandikwa uwe wa vituo, madaraja na miezi, usio na majina.

Hatari ya tatu ni kumpata bwana mpya. Tukimwondoa karani aliyeshika funguo za kabati tukamweka kijana aliyeshika neno la siri, hatukuendelea mbele hata hatua moja. Ndiyo maana nasisitiza wasijifunze wachache. Kila chama kiwe na watu wasiopungua watatu wawezao kuitengeneza taarifa ya mwezi, na mmoja wao awe mwanachama wa kawaida asiye kiongozi wala mwajiriwa.

LA KUFANYA

Ndugu Mwenyekiti, msimu haungoji. Katika mauzo ya korosho ya msimu wa 2024/2025 minada iliendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anayekaa mbele ya mfumo kama huo amekwisha piga hesabu zake za bei, uzito na ubora wa miaka kadhaa. Haifai upande wa mkulima uende sokoni na kumbukumbu za kichwani. Hali kadhalika benki: Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025, na mkopeshaji yeyote, hata awe ndugu yetu, atataka kuona mwenendo wa chama kwa mwezi na kwa mwaka kabla ya kutoa shilingi.

Kwa hiyo napendekeza kila chama kianze kwa mambo machache. Mwezi wa kwanza, sahihisheni orodha ya wanachama na kumpa kila mmoja namba isiyobadilika. Mwezi wa pili, andikeni mapokezi ya kituo kimoja tu kwa kanuni zile sita, huku daftari la karatasi likiendelea. Mwezi wa tatu, linganisheni hayo mawili. Yakipishana, tafuteni sababu kabla ya kuongeza kituo kingine. Mwezi wa nne, halmashauri ikae na jedwali mezani na kujibu maswali matano: Tumepokea kiasi gani? Kimefika kiasi gani? Kimelipwa kiasi gani? Nani hajalipwa, na kwa nini? Tunadaiwa kiasi gani tukilinganisha na ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu? Majibu ya jumla yabandikwe ubaoni, kwa lugha inayosomeka, kwa ajili ya wale wasio na simu. Na taarifa zinazoingia katika MUVU zitoke katika jedwali hilohilo, ili chama kisiwe na hesabu mbili, moja ya serikali na moja ya nyumbani.

Huenda katibu mmoja akasema moyoni: hili ni kuniongezea kazi, na kisha kunifungulia maswali ya watu. Nitamjibu kwa heshima. Kazi ya mwanzo itaongezeka kweli, miezi miwili au mitatu. Baada ya hapo, taarifa iliyochukua siku tano itachukua asubuhi moja. Ama maswali ya watu, hayo yapo siku zote. Yasipoulizwa ofisini huulizwa barazani, na huko barazani hujibiwa na asiyejua. Katibu mwaminifu hana ngao bora kuliko hesabu iliyo wazi. Siku uvumi utakapozuka, na utazuka, hatahitaji kuapa. Atafungua jedwali.

Wanachama nao wasidhani kwamba hili ni shauri la ofisi peke yake. Dai stakabadhi yako kila uletapo mazao, hata kama ni lita mbili. Itunze. Mwisho wa mwezi jumlisha mwenyewe, ulinganishe na ulichoandikiwa. Mwenye mali asiyehesabu amewaachia wengine mali na hesabu vyote viwili.

Sisi wakaguzi tutaendelea kuja, kwa kuwa sheria inatutuma. Lakini fahari yangu itakuwa kufika katika chama na kukuta kwamba kila jambo ninalotaka kuliuliza limekwisha ulizwa na wanachama, limejibiwa, na jibu limeandikwa. Hapo ziara yangu itakuwa fupi, nami nitaondoka kwa furaha.